Kumfunza Mbwa kwa Mchezo

Mbwa anayetaka kucheza huteremsha kifua hadi karibu na ardhi, hunyoosha miguu ya mbele na kuacha makalio juu huku mkia ukipepea. Marc Bekoff, mtafiti wa Marekani aliyewachunguza mbwa wa nyumbani, koyote na mbwa mwitu wa nchi za baridi, alionyesha kwamba wanyama hao huitoa ishara hiyo hasa wanapokaribia kung'ata na kutikisa kichwa, au mara tu baada ya kufanya hivyo, ili mwenzao asidhani kwamba ugomvi umeanza. Wanyama wengi hupunguza mchezo wanapokomaa. Mbwa huendelea kuutaka akiwa mkubwa, na hauombi kwa mbwa wenzake tu bali hata kwa binadamu. Hapo ndipo mafunzo yanapopata njia: anayetamani mchezo atakaa, atasubiri, ataachia alichoshika na atakuja akiitwa, mradi ajue kwamba mambo hayo ndiyo yanayouleta.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Mchana hufungiwa bandani au hufungwa mnyororo, na usiku hufunguliwa azunguke uani. Wenye mbwa wengi huamini kwamba mbwa akichezewa atapoteza ukali na kumkaribisha mwizi. Imani hiyo haina msingi, na inawanyima mbwa wengi kitu ambacho kingewafanya wasikilize. Ukali wa mbwa aliyefungiwa siku nzima mara nyingi ni woga, na woga haubagui. Humwangukia mtoto wa nyumba hiyo hiyo, fundi bomba na mgeni aliyealikwa. Mbwa wa polisi anayefunzwa kukamata watu huanza kwa kuvutana kitambaa na mwalimu wake, kisha mto wa kung'ata, kisha gwanda nene la mkononi. Kazi yake yote hujengwa juu ya mchezo. Vivyo hivyo kwa mbwa wa kunusa. Huko Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limefunza mbwa wa kugundua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kakakuona katika viwanja vya ndege na bandari. Mbwa wa kazi hiyo huchaguliwa kwa kiu yake ya kuchezea mpira, kwa sababu akishagundua harufu aliyofunzwa, ujira wake ni mpira huo na dakika chache za kuvutana na mwongozaji wake.

Yapo pia matokeo ya kitaalamu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwafunza mbwa 16 wa aina ya Labrador kutofautisha vitu viwili. Baada ya somo, nusu yao walichezeshwa kwa muda wa nusu saa, pamoja na matembezi mafupi ya kwenda na kurudi, na nusu walipumzishwa. Kesho yake, walipofunzwa tena jambo lile lile, waliochezeshwa walihitaji wastani wa majaribio 26 kulifikia, na waliopumzishwa walihitaji 43. Kwa hiyo mchezo una faida mara mbili: ni ujira wakati wa somo, na ukiletwa baada ya somo husaidia yaliyofunzwa yashike. Kuhusu mapenzi kati ya mtu na mbwa, watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2015 utafiti uliopima oksitosini, homoni inayohusika na kumfunga mama kwa mtoto wake. Waliona kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda mrefu, homoni hiyo hupanda kwa wote wawili. Mchezo una nafasi nyingi za kutazamana namna hiyo, hasa katika zile nukta ambazo mbwa amekaa akisubiri mpira urushwe.

Kabla ya kuingia katika michezo yenyewe, mambo mawili huwekwa sawa. La kwanza ni umiliki. Kifaa cha mchezo si cha mbwa. Ni cha mtu, hukaa juu ya kabati au kwenye ndoo yenye mfuniko, na hutolewa wakati wa mchezo tu. Mpira unaolala uani siku nzima hupoteza thamani kama chakula kisichoondolewa kwenye bakuli. La pili ni neno la kuthibitisha. Mbwa anahitaji kujua ni tendo lipi hasa limempatia mchezo, na muda wa kumjulisha ni mfupi mno: ukipita zaidi ya sekunde moja au mbili, amekwisha kufanya jambo jingine na atadhani ndilo lililolipwa. Neno fupi kama “safi”, likitamkwa kwa sauti ile ile kila mara katika nukta ambayo makalio yamegusa ardhi au meno yameachia kamba, huziba pengo hilo. Karen Pryor wa Marekani, aliyeanza na pomboo kabla ya kuwageukia mbwa, alieneza njia hii kwa kutumia kidude kidogo kinachotoa mlio wa “tiki”. Neno linafanya kazi ile ile bila gharama, ila lisitumike ovyo katika mazungumzo mengine na mbwa huyo.

Vifaa havihitaji duka. Suruali ya jinzi iliyochakaa, ikichanwa vipande virefu vitatu na kusukwa kama nywele, hutoa kamba imara ya kuvutana. Urefu wake uzidi nusu mita, ili mkono uwe mbali na meno. Mpira wa tenisi uliochoka unafaa kwa kurusha, ingawa mbwa mwenye taya kubwa anahitaji mpira usioweza kuingia wote kooni. Mpira wa makaratasi ya plastiki na kamba, ule wa watoto wa mtaani, haufai kabisa, maana mbwa huutafuna na kuumeza vipande vipande. Gunzi la mahindi ni hatari kubwa kuliko linavyoonekana: mbwa hulimeza, halimeng'enywi, hukwama utumbini, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Mawe huvunja meno. Vijiti vikirushwa huchoma kaakaa na koo. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kuwa na ncha kali. Kandambili kuukuu nayo isitumike, kwa kuwa mbwa hajui kutenganisha kandambili aliyopewa na ile iliyovuliwa mlangoni na mgeni.

Mchezo wenye faida kubwa kuliko yote ni kuvutana kamba, nao ndio unaoogopwa zaidi. Hofu iliyoenea ni kwamba mbwa akishinda atajiona mkubwa wa nyumba. Nicola Rooney na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walilipima jambo hili kwa mbwa wa aina ya golden retriever na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Mbwa hao walivutana na mtu mara nyingi. Safari nyingine waliachiwa washinde, safari nyingine walishindwa. Hakukuonekana dalili kwamba ushindi uliwafanya wajitwalie madaraka, na baada ya vipindi vya mchezo walikuwa wasikivu zaidi. Mbwa aachwe ashinde mara kwa mara. Anayeshindwa kila siku huchoka na mchezo, na mchezo usiotakiwa haufunzi kitu.

Kuvutana huanza kwa utulivu. Kamba hushikwa kifuani, mbwa huambiwa akae, na akishakaa hutamkwa “safi”, kisha “shika”, na kamba huteremshwa mbele yake ikitikiswa chini kama mnyama mdogo anayekimbia. Mwanzoni kukaa kwa nukta moja kunatosha. Baadaye muda huongezwa kidogo kidogo. Mbwa akirukia kamba kabla ya neno, kamba hurudishwa kifuani bila karipio lolote. Akishaishika, mvutano uwe wa mlalo, kushoto na kulia, usiwe wa kunyanyua juu na chini, kwani huo huumiza shingo na uti wa mgongo. Nguvu ya kuvuta hupimwa kwa nguvu ya mbwa mwenyewe. Mtoto wa mbwa mwenye umri wa kati ya miezi mitatu na saba anabadilisha meno, kutoka meno 28 ya utotoni hadi 42 ya ukubwani, na fizi zake zinauma. Kwake kamba hushikwa kwa ulegevu, yeye ndiye avute.

Kunguruma wakati wa kuvutana ni jambo la kawaida. Kinachotazamwa ni mwili. Mwili ukiwa laini, mkia ukienda huku na huku na macho yakiwa mapole, mngurumo ni kelele za furaha. Mwili ukikakamaa ghafla, mbwa akatulia juu ya kamba huku akitazama kwa jicho la pembeni lenye weupe mwingi, hapo si mchezo tena.

Kisha linakuja neno “achia”, na hili ndilo kiini cha mafunzo yote kwa mchezo. Makosa ya kawaida ni kung'ang'ania kamba, kupaza sauti, au kumbanua mbwa taya. Yote matatu humfundisha kushika kwa nguvu zaidi. Njia iliyo sahihi ni kuua mchezo: kamba hukazwa kwenye paja la mchezaji, mkono hutulia tuli, neno “achia” hutamkwa mara moja kwa sauti ya kawaida, halafu hungojwa. Kamba iliyokufa haina raha. Mbwa ataendelea kuvuta kidogo, atasita, ataachia. Katika nukta hiyo hutamkwa “safi”, na papo hapo kamba hufufuliwa kwa “shika”. Akiwa mkaidi, kipande cha nyama huletwa puani pake ili taya zilegee, lakini msaada huo uondolewe baada ya siku chache. Jambo linalopaswa kuzama akilini mwake ni kwamba kuachia hakumpotezei mchezo. Ndiko kunakouanzisha upya. Mbwa aliyelielewa hilo ataachia kuku wa jirani, ataachia mfupa barabarani, na ataachia mkono wa mtu.

Meno yakigusa ngozi, hata kwa bahati mbaya, mchezo hukoma. Hakuna kupiga wala kufoka. Mchezaji husimama, huficha kamba nyuma ya mgongo na kugeuka kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha huanza tena kwa kumkalisha mbwa. Watoto wa mbwa hufunzana jambo hili wenyewe kwa wenyewe: anayeng'ata kwa nguvu huachwa na mwenzake. Ndiyo sababu mtoto aliyetenganishwa na mama na ndugu kabla ya majuma manane mara nyingi hung'ata kwa nguvu, na humlazimu mwenyewe kuwa na subira zaidi. John Paul Scott na John Fuller, katika kazi yao ya mwaka 1965 kuhusu urithi na tabia za mbwa, walikitaja kipindi cha kati ya juma la tatu na la kumi na mbili kuwa ndicho mbwa anapojifunza nani ni wa kuzoeana naye. Mchezo wa kila siku na watu mbalimbali katika majuma hayo una uzito ambao juhudi za baadaye hazitaufikia kwa urahisi.

Kurusha na kuleta kunahitaji maelezo machache. Mbwa wengi hukimbilia mpira kwa furaha, huushika, kisha huzunguka nao wakitaka wakimbizwe. Dawa yake ni mipira miwili inayofanana. Wa kwanza ukishashikwa, wa pili huonyeshwa na kudundishwa chini. Mbwa akirudi na kuutema wa kwanza, wa pili hurushwa upande wa pili. Mirusho mitano au sita inatosha, na mpira urushwe chini chini, usiruke juu ukamfanya mbwa apinde mgongo hewani, hasa akiwa bado anakua.

Kuja anapoitwa ndilo somo lililoharibika katika nyumba nyingi, na chanzo chake kinaonekana wazi. Mbwa wa ulinzi huitwa mara moja tu kwa siku, alfajiri, ili afungwe. Baada ya wiki chache anajua kwamba jina lake likifuatiwa na “njoo” maana yake ni mnyororo, naye hukaa mbali akitazama. Mchezo hulirekebisha. Mtu hujificha nyuma ya mti au tangi la maji, huita mara moja kwa sauti changamfu, na mbwa akimpata hupokewa kwa kamba na dakika moja ya kuvutana, kisha huachiwa aende zake. Hayo hurudiwa mara nyingi kwa siku, ili kufungwa kuwe tukio moja dogo kati ya mengi mazuri. Hata bandani aingie akifuata kitu kizuri kilichorushwa ndani. Katika michezo ya kukimbizana kuna kanuni moja isiyovunjwa: mbwa ndiye anayemkimbiza mtu. Aliyeiba kiatu na kukimbia hafuatwi. Mwenye kiatu hukimbia upande wa pili akipiga makofi, na mara nyingi mwizi humfuata.

Kwa mbwa anayekurupukia pikipiki, paka na kuku, upo mchezo wa ufito. Ufito wa mita moja hivi hufungwa kamba ya urefu kama huo, na mwisho wa kamba hufungwa kitambaa kinachoburutwa ardhini kwa mizunguko. Mbwa hukaa huku kitambaa kikitembea mbele yake, hungoja neno, hukimbiza, hukamata, huachia, hukaa tena. Dakika tatu humchosha kuliko matembezi marefu, na humzoesha kujizuia wakati damu imechemka, jambo ambalo mafunzo ya kimyakimya hayawezi kulifikia.

Ufito una faida nyingine kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na Kurani katika Sura Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa. Mwenye mbwa wa namna hiyo anaweza kumchezesha na kumfunza vizuri kabisa bila kuguswa na mate, kwa ufito wenye kamba, na kwa michezo ya kutafuta.

Michezo ya kutafuta huanza na dagaa wakavu, kwa sababu ya harufu yao kali. Wawe wasiotiwa chumvi. Mbwa hushikwa au hufungwa akitazama, dagaa mmoja huwekwa nyuma ya tofali, na kwa neno “tafuta” huachiwa. Baada ya mafanikio machache huwekwa dagaa bila yeye kuona, kisha katika majani, kisha juu ya ukuta mfupi. Asielekezwe kwa kidole. Pua yake ina chembe za kunusa nyingi zaidi kuliko ya binadamu, kwa mamilioni mengi, na anayesaidiwa hujifunza kumtazama msaidizi badala ya kunusa. Mchezo huu unafaa uani kusiko na nafasi, wakati wa masika, na kwa mbwa mzee ambaye viungo vyake havimruhusu tena kukimbia.

Muda wa mchezo wowote uwe mfupi: dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, na uishe mbwa akiwa bado anautaka. Mbwa hutoa joto hasa kwa kuhema, na jasho lake ni kidogo sana, la kwenye nyayo tu, kwa hiyo saa za kucheza ni asubuhi mapema na jioni. Ulimi ukitoka mrefu na mpana, mate yakawa mazito na hatua zikayumba, mchezo hukatishwa mara moja, mbwa hupelekwa kivulini na kumwagiwa maji ya kawaida tumboni na miguuni. Hali ikiendelea, ni ya daktari wa mifugo. Mbwa aliyetoka kula apumzishwe kwanza, hasa yule mkubwa mwenye kifua kirefu, kwa kuwa tumbo lake linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hilo huua kwa saa chache.

Hakuna mbwa aliyefikia umri wa chanjo anayepaswa kuchezewa bila chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 kwa mwaka duniani kutokana na ugonjwa huu, karibu vyote kwa kuumwa na mbwa, na takribani asilimia 40 ya wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Jeraha lolote la mbwa asiyejulikana hali yake huoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na aliyeumwa hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

Watoto hucheza na mbwa mtu mzima akiwapo, na michezo yao iwe ya kutafuta na kurusha, si ya kuvutana wala kukimbizana. Kelele na mikono inayorushwa juu humpandisha mbwa jazba haraka kuliko mtoto anavyoweza kumtuliza. Mbwa anayelamba midomo pasipo chakula, anayepiga miayo, anayegeuza kichwa pembeni au kubana mkia kati ya miguu anasema kwamba ametosheka. Aachwe aondoke, na asifuatwe alikojilaza.

Wapo mbwa wasiojua kucheza kabisa: waliookotwa mtaani, waliopigwa, au waliokulia kwenye mnyororo. Kamba ikitikiswa mbele yao hujikunyata, kwa sababu mkono ulioinuliwa wanaujua kwa jambo jingine. Kwa hao mchezaji huketi chini, ubavu ukiwaelekea, bila kuwakazia macho, na kuburuta kitambaa polepole mbali nao, kana kwamba anacheza peke yake. Kitambaa kinaweza kusuguliwa nyama ili kiwe na harufu. Wengine hukinusa siku ya kwanza na kuishia hapo. Hilo linatosha, na kitambaa huondolewa. Siku ambayo mbwa wa aina hiyo atakigusa kwa meno na kukivuta hata kidogo, aachiwe papo hapo, ashinde, akibebe aendako. Kukaa, kusubiri na kuachia kutafunzwa baadaye, akishaanza kukileta mwenyewe.